Baba katika malezi ya mtoto mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu watoto tangu kuzaliwa hadi karibu miaka mitatu. Yanamlenga baba, ingawa mama, bibi au mlezi mwingine naye atapata la kumfaa. Jambo lililokwisha kuelezwa kwenye jibu jingine halirudiwi, namba ya swali ndiyo inayotajwa.

## Mambo ya msingi

1. Mshikamano salama ni nini hasa?

Ni hali ya mtoto kuwa na mtu wake maalumu anayemkimbilia akiogopa, akiumia au akichoka, na akishamfikia anatulia, kisha anarudi kucheza. Kwa hiyo mzazi ana kazi mbili. Ni kimbilio mtoto anapoelemewa, na ni kituo anachoondokea anapokwenda kuchungulia ulimwengu. Mtoto wa mwaka mmoja akitambaa hadi mlangoni, akageuka kukutazama, kisha akaendelea na safari yake, jua kwamba kituo chake ni wewe.

Nadharia hii iliasisiwa na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth ndiye aliyeitafutia ushahidi majumbani mwa watu, kwanza katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, mwaka 1954 na 1955, alikofuatilia familia 26, kisha Baltimore, Marekani.

Mtoto salama si yule asiyelia. Anaweza kulia kwa uchungu mkubwa mzazi akiondoka. Kinachomtambulisha ni jinsi anavyoipokea faraja mzazi akirudi: anamwendea, anakubali kushikwa, analegea. Asiye salama ama humkwepa mzazi kana kwamba hajamwona, ama humng'ang'ania huku akimsukuma na asitulie. Wapo pia wanaoduwaa au kumwogopa mzazi yuleyule wanayemhitaji. Hao ndio wa kuwahi kutafutiwa msaada (swali la 22).

2. Mtoto hushikamana na mama tu, au na baba pia?

Na baba pia, mradi baba amlee. Watafiti Schaffer na Emerson waliwafuatilia watoto 60 huko Glasgow, Uskoti, na matokeo yao ya mwaka 1964 yalionyesha kwamba kufikia miezi 18 takribani robo tatu walikuwa wameshikamana na baba zao. Waligundua jambo jingine lenye uzito zaidi: mtu ambaye mtoto anashikamana naye kuliko wote si lazima awe yule anayekaa naye saa nyingi au anayemlisha. Mara nyingi ni yule anayemwitikia upesi na kumchangamkia.

Mshikamano na baba hauzaliwi kutoka kwenye ule wa mama. Mtoto anaweza kuwa salama kwa mama na asiwe salama kwa baba, au kinyume chake, kwa sababu kila uhusiano hujengwa na yale ambayo mtu huyo mwenyewe humfanyia mtoto. Baba hawezi kuazima usalama ambao mama ameujenga. Wala mapenzi ya mtoto kwa baba hayampunguzii mama kitu, maana mtoto hagawanyi fungu moja.

3. Mshikamano huanza lini?

Mtoto mchanga hupenda sauti na nyuso za watu kwa jumla, na huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ndiyo maana ukimpakata, uso wako unakuwa mahali panapofaa kabisa. Sauti ya mama anaitambua tangu tumboni. Ya baba anajifunza baada ya kuzaliwa, kwa hiyo usivunjike moyo kama siku za kwanza haonyeshi kuijua.

Kati ya miezi 2 na 6 anaanza kutofautisha watu na kuwatabasamia zaidi anaowafahamu. Kuanzia miezi 6 hadi 8 mshikamano unajitokeza wazi: anakufuata, anaogopa wageni, analia ukiondoka. Wazazi wengine hudhani mtoto ameharibika ghafla. Hajaharibika. Amekua kiasi cha kujua kwamba wewe ni wewe, na kwamba hupo.

4. Ni saa ngapi kwa siku zinatosha?

Hakuna idadi ya saa inayomhakikishia mtoto usalama. Anayetaja idadi kamili anakisia.

Muda ni kama ardhi, kinachoota juu yake ni usikivu wako: kuona ishara ya mtoto, kuielewa sawasawa, na kuijibu mapema kwa namna inayomfaa yeye. Baba anaweza kukaa sebuleni na mtoto saa nne, macho yakiwa kwenye simu, na kuvuna kidogo kuliko aliyemwogesha, akamvisha na kumlaza kwa saa moja huku akizungumza naye. Lakini usikivu haupatikani bila muda. Huwezi kujua kilio cha njaa kinatofautianaje na cha usingizi kama hujavisikia vyote mara nyingi, ukakosea, ukajaribu tena.

Tunapaswa kusema pia kwamba tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 1997 zilipata uhusiano mdogo kati ya usikivu wa baba na usalama wa mtoto kwake, takribani 0.13 kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Kwa mama ilikuwa 0.24. Hii haina maana kwamba baba hana athari. Kwa maoni yetu, sehemu ya sababu ni kwamba baba walipimwa kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa kuwatazama mama, huku mengi ya baba yakionekana zaidi kwenye mchezo na katika kumtia mtoto moyo wa kujaribu (swali la 10).

Kwa vitendo, shika angalau shughuli moja ya kila siku inayojirudia wakati uleule, ukiwa peke yako na mtoto na simu ikiwa chumba kingine. Kuoga, kulala au kuamka ndizo zinazofaa zaidi, kwa sababu hapo mtoto huwa na haja ya kweli nawe unamtimizia.

5. Mwanamume ameumbwa kulea kweli?

Mwili wake unabadilika akilea. Utafiti uliowafuatilia wanaume 624 huko Cebu, Ufilipino, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba homoni ya testosteroni ilishuka kwa waliopata watoto, na ilikuwa chini zaidi kwa waliokuwa wakilea saa tatu au zaidi kwa siku. Homoni ya oksitosini, inayohusishwa na ukaribu, nayo hupanda kwa baba wanaowagusa na kucheza na watoto wao. Silika haitangulii kazi. Inakuja kwa kushika kazi, na mama wengi watakwambia kwamba hata kwao ilikuwa hivyo.

## Kazi za kila siku

6. Wiki za kwanza nifanye nini hasa?

Anza na ngozi kwa ngozi. Vua shati, kaa ukiwa umeegemea nyuma kidogo, mlaze mtoto kifuani akiwa na nepi tu, kichwa kimegeukia upande mmoja, pua na mdomo viwe wazi na kidevu kisibane kifua chake. Mfunike mgongo kwa nguo nyepesi. Kaa hivyo hadi saa moja, lakini uwe macho. Ukihisi usingizi, mwamshe mwenzako au mlaze mtoto kitandani kwake, chali. Kusinzia na mtoto kwenye kochi ni hatari kubwa, kwa sababu anaweza kuteleza kwenye pembe na kukosa hewa.

Kisha chukua nepi. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, na kila mara ni dakika tatu za uso kwa uso. Tayarisha kila kitu kabla ya kumlaza, mkono mmoja usimwache kamwe, na mwambie unachofanya: "Sasa nainua miguu, maji haya ni ya baridi kidogo." Haelewi maneno, lakini anajifunza kwamba mguso wako unatanguliwa na sauti yako, na huacha kushtuka.

Kuoga si lazima kila siku. Maji yawe na joto la nyuzi 37 hadi 38, kina chake kiasi cha sentimita tano kwa mtoto mchanga, na yapime kwa kiwiko, kwa maana kiganja cha mtu mzima kimezoea joto. Kinachoharibu zaidi ni haraka. Baba anayeogopa humshika mtoto kwa ncha za vidole, mtoto anahisi anaanguka, anarusha mikono na kulia, na baba anahitimisha kwamba hawezi. Mshike kwa mkono mzima: shingo ikae juu ya kigasha chako, na kiganja kizunguke bega lake la mbali.

7. Mtoto ananyonya maziwa ya mama tu. Mimi nafasi yangu ipo wapi?

Ipo kila mahali isipokuwa kwenye titi. Usiku mlete mtoto kwa mama. Akishashiba mpokee, msimamishe begani, mpigepige mgongo polepole mpaka acheue, mbadilishe nepi, mlaze. Mchana, baada ya kunyonya, ndipo mtoto huwa ametulia na macho yake yako wazi. Hizo dakika kumi au ishirini za kutazamana ziwe zako.

Kama mama anakamua maziwa, ni vizuri kunyonya kuwe kumekwisha kukaa sawa, kwa kawaida baada ya wiki nne hivi, kabla ya kuanza chupa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, au siku 4 kwenye jokofu. Yapashe kwa kutumbukiza chombo ndani ya maji ya moto, si kwa maikrowevu, ambayo huacha sehemu zinazounguza. Mkalishe mtoto akiwa nusu wima, chupa iwe karibu kulala, na ipumzishe kila baada ya dakika chache. Akigeuza uso, ameshiba. Usimmalizishe kwa nguvu, na usiegemeze chupa kwenye mto ukaondoka.

8. Nitajuaje anachotaka na hawezi kusema?

Mtoto husema kwa mwili mapema kabla ya kulia. Njaa huanza kwa kugeuza kichwa akitafuta, kulamba midomo na kupeleka ngumi mdomoni. Usingizi huonekana kwenye macho yanayokodoa pasipo kitu, nyusi zinazopata wekundu, na kujisugua uso. Akizidiwa na kelele au mchezo hugeuza uso, hupata kwikwi, hutanua vidole au hukunja mgongo kwa nyuma. Kosa la kawaida la baba mwenye bidii ni kumfuata mtoto aliyegeuza uso, akimtikisia kelele ili amtazame tena. Mwache. Anapumzika, na akiwa tayari atarudi mwenyewe.

Usitafute kupatia kila mara. Edward Tronick, aliyechunguza mazungumzo ya uso kwa uso kati ya mama na watoto wachanga, aliona kwamba hata wanaoelewana vizuri hupatana sehemu ndogo tu ya muda, karibu asilimia 30. Muda uliobaki ni kupishana na kurekebisha. Mtoto anajifunza imani kwenye kule kurekebisha: nilimkosa, akanirudia.

9. Nikimbeba kila anapolia, hatadeka?

Mtoto wa miezi ya kwanza hadeki kwa hila. Kilio ndicho kipaza sauti chake pekee. Katika utafiti wa Ainsworth wa Baltimore (swali la 1), watoto walioitikiwa upesi miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, wala hawakulia zaidi. Mpakate, mbebe, mbembeleze.

Baada ya mwaka mmoja mambo yanabadilika kidogo. Mtoto anayelia kwa kunyimwa kisu hapewi kisu. Lakini bado anapewa kifua cha kulilia. Kukataa kitu na kukataa hisia ni mambo mawili tofauti, na baba wengi huyachanganya.

10. Mimi najua kucheza tu, kumrusharusha na kupigana naye mieleka. Hilo ni malezi?

Ni malezi, na lisidharauliwe. Huko Ujerumani, watafiti Karin na Klaus Grossmann na wenzao walipima jinsi baba walivyokuwa wasikivu wakicheza na watoto wa miaka miwili, kisha wakawafuatilia watoto hao hadi umri wa miaka 16. Usikivu wa baba mchezoni ulihusiana na usalama wa mtoto miaka mingi baadaye. Kilichopimwa hapo si nguvu ya mchezo. Ni kama baba alimwacha mtoto aongoze, akamtia moyo mahali alipokwama bila kumnyang'anya kazi, na kama changamoto ililingana na uwezo wake.

Mieleka yenye afya ina vituo. Cheza dakika moja, simama, mtazame. Akikuegemea au akicheka akitaka tena, endelea. Kicheko kikigeuka kuwa kikali na cha kukatika, au akikaza mwili, ni wakati wa kushusha. Neno "basi" la mtoto liheshimiwe mara ya kwanza linapotamkwa. Usimrushe juu mtoto mchanga, usimtikise kamwe, na usimnyanyue kwa kumvuta kiganja au kigasha chake kimoja, maana kiwiko cha mtoto wa chini ya miaka mitano huteguka kwa urahisi. Mchezo wa nguvu pia usiwe ndani ya saa ya mwisho kabla ya kulala.

11. Akiwa na mimi analia anamtaka mama. Hanipendi?

Anakupenda. Watoto wengi wana ngazi ya upendeleo, na wakichoka, wakiugua au wakiogopa humtaka yule wa ngazi ya juu. Huo ni utaratibu, haukupi cheti cha kushindwa. Wengi hubadilisha upendeleo mara kadhaa kabla ya miaka mitatu.

Mara nyingi kinachokwama ni namna ya kupokezana. Mama anamkabidhi mtoto akiwa tayari analia, baba anahangaika sekunde thelathini, mama anamchukua. Baada ya mara ishirini wote watatu wamejifunza kwamba baba si mahali pa kutulia. Geuzeni: mpokee akiwa ameshiba na ametulia, mama aage waziwazi na atoke nje ya nyumba kwa dakika 20 za mwanzo. Akilia, usibadilishe mbinu kila nusu dakika. Chagua moja, kwa mfano kutembea polepole huku ukiimba wimbo uleule kwa sauti nzito, na uishikilie dakika tano hadi kumi. Rudieni kila siku kwa wiki mbili, mkiongeza muda. Akiwa na homa au amepata mshtuko, mpe mama. Siku hiyo si ya mazoezi.

## Kati ya wazazi wawili

12. Mama wa mtoto ananisahihisha kila ninachofanya, mpaka nimeacha.

Hali hii inajulikana na imechunguzwa: mama anakuwa mlinzi wa lango, baba anarudi nyuma, na kurudi kwake nyuma kunamthibitishia mama kwamba alikuwa na haki ya kulinda. Duara hilo hukatwa na pande zote mbili.

Kwa baba, acha kusema "nasaidia". Chukua kazi moja nzima kuanzia kuifikiria mpaka kuimaliza. Kama ni kuoga, basi ni pamoja na kujua sabuni inakaribia kuisha, kuandaa taulo, kumkausha kwenye mikunjo ya shingo na mapaja, kumvisha, na kuanika. Mtu anayeuliza "taulo liko wapi?" kila siku bado hajaichukua kazi.

Kwa mama, tenganisheni usalama na mtindo. Mtoto kulazwa kifudifudi ni suala la usalama, sema mara moja. Soksi zisizofanana ni mtindo, nyamaza. Mtoto hunufaika kwa kuzoea mikono miwili tofauti. Masahihisho yasemwe mtoto akiwa amelala, si mbele yake huku ukimpokonya.

13. Tukigombana mbele ya mtoto, anaathirika?

Anaathirika hata kabla hajaelewa lugha. Kutofautiana kwa sauti ya kawaida kukaisha kwa kupatana hakumdhuru. Kelele, vitisho na kimya cha siku nyingi humfanya aishi kwa tahadhari. Palipo na kupigwa, ushauri wa kuongeza muda wa baba na mtoto haufai mpaka ukatili umekoma na watu wote wako salama. Ukaribu na mtu anayetisha haujengi usalama.

## Kazi, safari na kuchelewa

14. Asubuhi niondoke kimyakimya ili asilie?

Hapana. Ukitoroka unaokoa machozi ya leo na kununua wasiwasi wa wiki nzima, kwa sababu mtoto anajifunza kwamba unaweza kutoweka wakati wowote. Chuchumaa, mwambie "Baba anakwenda kazini, atarudi baada ya kulala kwako mchana", mkumbatie, fanya ishara yenu ileile, toka. Jambo lote liwe chini ya dakika moja. Ukirudi mlangoni mara tatu kwa huruma unamwonyesha kwamba hata wewe huna uhakika.

Jioni, dakika kumi za kwanza ziwe zake kabla ya simu na kubadilisha nguo. Mapokezi ndiyo yanayopima mshikamano kuliko kuondoka.

15. Nafanya kazi mbali, nakaa wiki kadhaa bila kurudi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, piga simu ya video fupi, dakika tatu hadi tano, mara nyingi kwa wiki na saa ileile. Imba wimbo mmoja, cheza mchezo mmoja wa kujificha uso. Mtu mzima aliye naye amtajie: "Huyo ni baba, anakupungia." Bila mtu wa kumfasiria, kioo kinabaki kioo. Picha yako iwe usawa wa macho yake. Nguo yenye harufu yako isiachwe ndani ya kitanda cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa hatari ya kuzibwa pumzi.

Ukirudi, anaweza kukukwepa au kujificha nyuma ya mama. Inauma, lakini usimnyakue. Kaa chini sakafuni na kitu cha kuchezea, mtazame kwa pembeni, subiri aje. Siku ya pili chukua nusu ya shughuli ya kulala pamoja na mama, siku ya tatu au ya nne uichukue yote. Baba wengi hutumia siku za likizo kuleta zawadi na kutoka na mtoto kutembea. Siku za kawaida za kulisha na kulaza zinazaa zaidi.

16. Mwaka wa kwanza umenipita. Nimechelewa?

Hujachelewa. Mshikamano hurekebishika malezi yakibadilika, kwa uzuri na kwa ubaya. Ila mtoto wa miaka miwili ana kumbukumbu ya wewe uliyekuwa hupo, naye atakujaribu: atakukataa, atakupiga, ataona kama utaondoka. Tegemea miezi, si wikiendi. Anza na shughuli moja (swali la 4), na usiache siku anapokukataa.

## Hali ngumu na za pekee

17. Analia bila kukoma, nami napandwa na hasira kali.

Mlaze chali mahali salama pasipo na mto wala blanketi zito, funga mlango, toka nje dakika tano hadi kumi. Kilio hakimuui mtoto. Kumtikisa kunaweza kumuua au kumwacha na ulemavu wa ubongo kwa sekunde chache tu. Pumua, nawa uso, piga simu kwa mtu, kisha rudi.

Jua pia kalenda ya kilio. Huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, na hupungua sana kati ya mwezi wa tatu na wa nne, hata katika nyumba zinazofanya kila kitu sawasawa. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, kutapika kwa nguvu, au kilio cha sauti tofauti na kawaida yake ni vya kupeleka hospitali mara moja.

18. Namtazama mtoto wangu na sihisi chochote.

Kwa baadhi ya baba mapenzi huja taratibu, pamoja na kazi. Kama kutohisi kunaambatana na kukosa usingizi hata mtoto akilala, hasira za haraka, kunywa zaidi, kukimbilia kazini au mawazo kwamba familia ingekuwa afadhali bila wewe, na hali ikizidi wiki mbili, huenda ni sonona. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba inawapata karibu asilimia 10 ya baba, na zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Inatibika. Mweleze mtoa huduma wa afya kwa maneno hayohayo. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako. Nenda leo.

19. Tumeachana. Mtoto mdogo agawanywe vipi?

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mara nyingi kwa muda mfupi ni bora kuliko mara chache kwa muda mrefu, kwa sababu siku kwake ni ndefu. Mikutano mitatu au minne kwa wiki yenye mlo, kuoga au usingizi wa mchana ndani yake inamjenga kuliko wikiendi moja kwa mwezi. Kulala usiku nyumbani kwako kuje baada ya shughuli za mchana kuzoeleka, na ratiba ya usingizi iwe ileile katika nyumba zote mbili. Makabidhiano yawe mafupi na yenye adabu. Habari za homa na nepi ziandikwe kwenye daftari linalosafiri na mtoto, ugomvi ubaki nje ya mlango.

20. Mtoto wetu ni njiti na yuko wodini. Naweza kufanya nini?

Unaweza kumbeba kifuani. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanataka watoto njiti na wenye uzito mdogo wapate huduma ya kangaroo, yaani kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, kuanzia mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama peke yake hawezi kuzimaliza saa hizo, kwa hiyo waulize wauguzi zamu yako ni ipi. Ishara za njiti ni hafifu na huchoka haraka: kichocheo kimoja kwa wakati mmoja, ama sauti, ama mguso. Usimpapase. Mwekee kiganja kilichotulia kichwani na kingine miguuni.

21. Mimi nililelewa kwa viboko na ukimya. Nitarudia yaleyale?

Si lazima. Tafiti za mshikamano za watu wazima zinaonyesha kwamba aliyeumizwa, lakini akaweza kuieleza hadithi yake kwa ukweli na utaratibu bila kuikana wala kuzama ndani yake, anaweza kumpa mtoto wake usalama. Tambua saa yako ya hatari. Kwa wengi ni mtoto anapokataa amri au anapolia "kama mwanamke". Andika mapema utakachofanya saa hiyo: hatua mbili nyuma, mikono mfukoni, sauti ya chini. Ukikosea, mrudie. Hata mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaelewa baba anayechuchumaa na kusema "Nilipiga kelele, nikakutisha, nisamehe." Na kama wewe ni baba wa kambo au wa kuasili, haya yote yanakuhusu vilevile. Mtoto hashikamani na damu.

22. Mshikamano unaweza kupimwa? Lini nimwone mtaalamu?

Kipimo kinachojulikana zaidi kilibuniwa na Ainsworth. Hutumika kwa watoto wa kati ya miezi 12 na 18 hivi, katika chumba kigeni, kwa vipindi vinane vya takribani dakika tatu, ambamo mzazi huondoka mara mbili na kurudi. Anayekisoma ni mtu aliyefunzwa. Usikiigize nyumbani kwa kumwacha mtoto na mgeni ili uone, kwani utapata machozi tu na hutajua maana yake.

Mpeleke kwa mtaalamu wa maendeleo ya watoto kama, akiwa na miezi 9 au zaidi, haonyeshi kumbagua mlezi wake na mtu asiyemjua, hatafuti faraja kwa yeyote akiumia, anaduwaa au kujikunyata wewe au mlezi mwingine anaposogea, au amepoteza uwezo aliokuwa nao wa kutabasamu, kutazama au kutamka. Baadhi ya dalili hizi zinaweza kutokana na usikivu hafifu wa masikio, uoni au usonji, na si malezi, kwa hiyo omba masikio na macho yapimwe kwanza. Nenda na video fupi mbili au tatu za siku ya kawaida nyumbani: akila, akicheza, akikupokea mlangoni.